Maharage si Unga

Mimi ndoo naipiga teke kila siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, na bado ni mzima. Naipiga teke kwa sababu mkono mmoja una dekio, mwingine una mfuko wa taka, na ndoo haijawahi kusogea yenyewe kwa huruma. Nasafisha ghorofa nne katika jengo refu la ofisi, hapa Brussels. Sasa siku moja nakabidhiwa karatasi inayosema kwamba Mwingereza akipiga teke ndoo, amekufa. Nikaisoma mara mbili. Nikajiuliza, basi mimi nimeshazikwa mara ngapi?

Karatasi yenyewe haikuandikwa kwa ajili yangu. Upande wa kushoto zilipangwa nahau za Kiingereza, upande wa kulia maelezo yake kwa Kihispania. Ilikuwa karatasi ya kuwafundisha Wahispania na ndugu zao wa Amerika Kusini, na mimi Kihispania nilikuwa najua neno moja tu, hola, la kusalimia, nalo nililiokota kwenye pakiti ya chipsi. Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: Mtanzania, kwenye mji unaoongea Kifaransa na kuandika vibao vyake kwa Kiholanzi pia, anajifunza Kiingereza kwa Kihispania. Kama kuna mtu alikaa akapanga mambo haya, ningependa kuonana naye uso kwa uso.

Nilifika hapo kwa sababu ya jirani yangu wa chini. Ni mama wa Kikongo, mtu wa Lubumbashi, tunakaa nyumba moja ya zamani Saint-Gilles iliyokatwakatwa vyumba kama mkate. Mimi kazi yangu ilikuwa alfajiri na tena jioni, maana ofisi husafishwa wenye ofisi wakiwa hawapo, wasije wakatuona. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Baba yake alikula kona kabla hajaota jino la kwanza, na nahau hiyo haihitaji karatasi. Kwa hiyo aliyemwamsha mwanangu, akamvalisha, akampeleka shule, na jioni akampa chakula, ni yule mama wa chini. Siku moja akaniita mlangoni kwake, kanga imefungwa juu ya sweta.

"Maman, keti. Mwisho ya mwezi miye naenda Liège, kwa mutoto yangu mwanamuke. Amezaa mapacha. Donc mutoto yako, utatafuta muntu ingine."

Muntu ingine! Kana kwamba watu wengine wamepangwa dukani, unachagua rangi.

Wiki hiyohiyo ndipo dada wa mapokezi aliponinong'oneza. Huyu ni Mkolombia, anakaa kwenye meza ya chini ya jengo letu, tunaongea Kifaransa kilichovunjika pande zote mbili. Ananiita mija, maana yake mwanangu, ingawa amenizidi miaka minne tu. Akaniambia kuna nafasi ya mchana inafunguka ghorofa ya sita, kwenye vyumba vya mikutano. Kupanga viti, kuweka kahawa, kuwaelekeza wageni. Saa mbili na nusu hadi saa tisa. Mama wa Kireno aliyeko pale muda wake unaisha. Haijatangazwa popote, bosi anataka kuchagua mwenyewe, na yeye Mkolombia ameiona barua kwa kuwa ndiye anayepiga nakala.

"Usimwambie mtu, mija. Nakuomba."

Saa mbili na nusu hadi saa tisa! Shule ya mwanangu inafungwa saa tisa na nusu. Sikuhitaji muntu ingine tena. Nilihitaji mlango wa ghorofa ya sita.

"Tatizo ni Kiingereza," akasema. Wageni wa mikutano ile wanatoka kila nchi, na wakikutana wanaongea Kiingereza ambacho si cha mama wa yeyote kati yao. Nikamwambia mimi nina Kidato cha Nne, tulisoma masomo yote kwa Kiingereza. Kweli tulisoma. Naweza kukueleza kwa Kiingereza jinsi jani linavyojitengenezea chakula, na sababu tano za mmomonyoko wa udongo. Ila hakuna mgeni aliyewahi kufika mapokezi akauliza habari za mmomonyoko.

"Tena bosi huyu haongei," Mkolombia akasema. "Anatoa nahau. Ni Mbelgiji wa upande wa Kiholanzi, lakini Kiingereza anakilamba kama asali. Njoo darasani kwetu Jumamosi. Tunafundishwa nahau tupu."

Nikaenda, mtoto mgongoni na daftari mkononi.

Mwalimu alikuwa Mhispania mstaafu, skafu shingoni, mpole kama mtu asiyewahi kupanga foleni ya kitambulisho. Akaniambia kwa Kifaransa, "Utaelewa tu, bibie, mantiki ni ileile." Halafu akageukia darasa na kumimina Kihispania nusu saa nzima. Mantiki ni ileile! Nikapekua karatasi kuitafuta mantiki. Mwingereza kitu kikiwa ghali anasema kimemgharimu mkono na mguu. Mhispania anasema kimemgharimu jicho la usoni. Mwingereza akimfanyia mtu mzaha anamvuta mguu, Mhispania anamshika nywele. Nikawaza, mtu akinishika nywele zangu nilizokaa saa tano nzima kusukwa Matonge, mtaa wa Waafrika, huo si mzaha, hiyo ni kesi. Kazi rahisi kwa Mwingereza ni kipande cha keki, kwa Mhispania ni mkate uliokwishaliwa. Mkate uliokwishaliwa urahisi wake uko wapi, wakati wewe ndiye uliyebaki na njaa? Sisi tunasema kumsukuma mlevi. Hiyo inaeleweka. Mlevi unamsukuma, anaanguka, kazi imekwisha.

Jumamosi ya pili ikaja chumvi. Mwingereza akisikia jambo asiloliamini, analipokea na punje ya chumvi. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema kwetu mwongo ndiye anayetia chumvi, sasa na mimi nikiongeza ya kwangu, si tutaharibu mboga kabisa? Mkolombia akadakia kwamba kwao mtu mwenye chumvi ni mtu mwenye mkosi, usipande naye basi. Mama mmoja kutoka Hispania akang'aka: kwao mtu mwenye chumvi ni mcheshi, mtamu wa maneno, na bibi yake alisifiwa hivyo hadi anaingia kaburini.

"Basi bibi yako alikuwa na mkosi!" Mkolombia akasema.

"Mkosi ni wewe na nchi yako!"

Lugha moja hiyo, darasa moja, na hawaelewani. Mwalimu akawa anapapasa skafu. Nikaona afadhali, kumbe siko peke yangu.

Kisha mwalimu, labda kwa kutafuta amani, akanigeukia. Alikuwa amefika kwenye kuvunja barafu, ambayo ni kuanza mazungumzo na mtu mgeni. Akaniuliza kwa Kifaransa, lugha yako mnavunja nini?

Ningeweza kusema tunavunja mazungumzo, tunavunja ndoa. Mdomo wangu haujawahi kunisubiri. Nikasema, "Tunavunja ungo."

"Ungo ni nini?"

Nikauchora ubaoni, na punje za mchele juu yake.

"Vizuri sana! Na ungo ukivunjika, maana yake?"

"Msichana amepata hedhi yake ya kwanza."

Mwalimu akavua miwani akaifuta. Mkolombia alipiga meza hadi kalamu zikaruka. Mama wa Hispania akauliza chombo cha kupepetea mchele kinahusiana vipi na hedhi. Nikamjibu, na barafu inahusiana vipi na kusalimiana?

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Namba kumi na nne kwenye karatasi ilikuwa kumwaga maharage. Mwalimu ndiyo kwanza anafungua mdomo kuieleza, binti yangu aliyekuwa chini ya meza anachora, akanivuta sketi. "Mama, kojo." Choo kilikuwa mwisho wa korido, na mtoto wa Brussels wakati wa baridi amevaa matabaka kama kitunguu. Nilipomaliza kumvua na kumvalisha tena, mwalimu alikuwa namba kumi na tano. Mkolombia akaninong'oneza, "Umeelewa hiyo ya maharage?"

Nikamwambia hiyo sihitaji kuelezwa, hata sisi tunayo. Na nilisema kwa majivuno, maana katika karatasi nzima ndiyo pekee iliyokuwa na akili. Kwetu mtu akifukuzwa kazi, amemwaga unga. Kila mtu anajua. Waingereza hawali ugali, wanakula maharage ya kopo asubuhi na mkate, kwa hiyo wao akifukuzwa mtu, kamwaga maharage. Nikaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu: kumwaga maharage = kumwaga unga. Nikapiga mstari chini yake.

Bosi aliniita zikiwa zimebaki siku kumi na moja mama wa chini aondoke. Nilikuwa nimempelekea barua kwamba naomba kazi ya ghorofa ya sita. Ofisini kwake, ghorofa ya saba, baiskeli imeegeshwa ukutani kama picha, na yeye mwenyewe ni mrefu, anacheka kabla hujasema kitu.

"Tuvunje barafu," akasema. Namba tatu. Nikatabasamu. Akaniuliza nimetoka wapi, nina watoto wangapi. Kisha akasema mpira sasa uko upande wangu wa uwanja. Namba tisa! Nikamwambia asante, nitaupiga. Akacheka kwa kweli. Nilijisikia kama mtu anayemsukuma mlevi.

Halafu akaegemea mbele, akateremsha sauti. "Nafasi hii sijamwambia mtu. Hebu niambie, nani kamwaga maharage?"

Nikajua ananipima kama nalifahamu jengo, kama najua ni nani aliyeondolewa.

"Yule mama Mreno wa ghorofa ya sita, bwana."

Kicheko kikakatika. "Yule? Una hakika?"

"Kabisa, bwana. Jengo zima linajua. Lakini si kosa lake. Mtu mzima kama yule, kumwaga maharage kwenye umri ule, inasikitisha."

"Unamtetea?"

"Yanamkuta kila mtu, bwana. Mimi mwenyewe nimeshamwaga mara mbili. Mara ya kwanza hotelini, nilimwaga wiki ya kwanza tu. Mara ya pili kiwanda cha mikate."

"Wiki ya kwanza," akarudia.

"Ndiyo, bwana. Lakini sasa nina mtoto. Ukinipa nafasi hii, maharage yangu nitayashika kwa mikono miwili."

Akaandika kitu kwenye karatasi, polepole. Akasema nitapata habari. Nikateremka ngazi kwa miguu, ghorofa zote saba, maana lifti ilikuwa ndogo kwa furaha niliyokuwa nayo.

Pale chini nikamsimulia Mkolombia kila kitu. Alianza kucheka nilipofika hotelini. Alicheka hadi akashika ukingo wa meza. Kisha ghafla kicheko kikamkauka usoni.

"Mija. Umemtaja Mreno?"

"Si ndiye aliyemwaga?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeshika kisu. Akanieleza taratibu. Mwingereza akimwaga maharage, ametoa siri. Bosi aliuliza ni nani aliyenivujishia habari ya kazi. Na mimi nikamtaja mama asiye na hatia, halafu nikaongeza kwamba na mimi natoa siri kila ninapoajiriwa, tena hotelini sikumaliza wiki.

Nikakaa chini, palepale kwenye ngazi. Unajua kilichoniuma zaidi? Kwamba tunayo. Tunayo kabisa! Kumwaga mtama penye kuku wengi. Mtama ulikuwepo, mimi nikaenda kubeba unga. Nilikosea gunia.

Kesho yake alfajiri nilimkuta Mreno kwenye chumba cha vifaa, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, koti bado mwilini. Si kawaida yake kuja saa hizo. Tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya habari za asubuhi, lakini siku hiyo alihitaji sikio la yeyote. Akaniambia alikuwa ahamishiwe jengo jingine la kampuni, Molenbeek, dakika tano kutoka kwake, kwa sababu ya magoti. Ilikuwa imekubaliwa. Jana bosi kamwambia atafikiria upya, kule kuna mawakili, wanataka watu wa kufunga midomo.

"Mimi?" akasema. "Miaka yote hii sijamwambia mtu hata nani hapa anatia sukari."

Akawa anakunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa. Nikachukua dekio, nikatoka.

Nikamfuata Mkolombia. Akaniwahi kabla sijasema. Naye ana watoto wawili. "Ukimwambia bosi ukweli, mija, mimi ndiye nitakayemwaga ile ya kwenu. Ya unga." Wala hakuwa anatania.

Jioni nikamwambia mama wa chini. Alikuwa ameshaanza kufunga masanduku, binti yangu amelala kwenye kochi lake katikati ya nguo. Akanisikiliza hadi mwisho, akacheka kwa pua.

"Weye, Mutanzania. Kila siku unajivuna na Kiswahili yako ya kunyooka. Kumbe ndio iliuza ule mama?"

"Sasa nifanye nini, mama? Nikinyamaza, labda kazi napata. Nikisema, mtoto nampeleka wapi?"

"Miye sijue. Alors, ni kinywa yako ilibomoa. Kinywa yako itengeneze."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye na Liège yake na mapacha wake, mwalimu na skafu yake, na Waingereza wote ambao hawawezi kusema ametoa siri kama watu, mpaka wahusishe chakula. Lakini hasira haikufuta mstari mwekundu kwenye daftari langu.

Nikaenda kwa bosi na daftari lenyewe. Sikuvunja barafu wala kitu kingine. Nikamwekea ukurasa mezani, nikamwonyesha namba kumi na nne, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha mmomonyoko wa udongo, sentensi fupifupi. Kwetu tunakula unga wa mahindi. Mtu akipoteza kazi, tunasema kamwaga unga. Nilidhani ni kitu kimoja. Ulipouliza nani kamwaga, nilidhani unauliza nani kapoteza kazi. Mama Mreno hakuniambia chochote, sijawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Hotelini na kiwanda cha mikate sikutoa siri ya mtu, nilifukuzwa tu, kama watu wengine.

Alisoma ule mstari mwekundu muda mrefu, kana kwamba anajua Kiswahili. Kisha akaanza kucheka, akajizuia, akafuta macho.

"Basi mama yule ataenda Molenbeek," akasema. "Nitamwomba radhi mwenyewe." Halafu akaegemea mbele kama siku ile. "Sasa nani kamwaga maharage kweli?"

"Sasa najua maana yake, bwana," nikasema. "Kwa hiyo simwagi."

Akaninyamazia. Nikamnyamazia. Nimezaliwa nyumba ya watu kumi na wawili, kunyamaziana siogopi. Mwisho akasema atalilalia jambo hili. Namba ishirini na moja: kulilalia jambo ni kulifikiria hadi kesho. Bahati yake, yeye analala.

Barua ilikuja zikiwa zimebaki siku nne. Kazi nimepata, miezi mitatu ya majaribio. Aliandika, bila nahau hata moja, kwamba kwenye vyumba vile watu wanasema mambo mazito mbele ya anayewamiminia kahawa, na yeye alikuwa anatafuta mtu ambaye ukimbana hasemi. Kiingereza, akasema, kitakuja. Ndiyo hivyo. Nilihangaika na mikono na miguu na macho ya watu, kumbe kazi ya Kiingereza nimeipata kwa kunyamaza. Mkolombia alinikumbatia pale mapokezi hadi simu ikakatika. Mreno alinikabidhi ufunguo wa kabati la vikombe, akanionyesha chupa ipi inavuja, akaenda zake. Hadi leo sijui kama anajua.

Siku ya kwanza ya kazi nilitoka saa tisa kamili, nikapanda tramu, nikafika mlango wa shule kabla haujafunguliwa. Mara ya kwanza toka aanze shule. Mwalimu wake, msichana mdogo mwenye pete puani, akatoka amemshika mkono, akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba leo binti yangu ana mende.

Damu ikanipanda. Mende! Mimi niliyesafisha ghorofa nne za watu, nyumba yangu naipiga deki hadi chini ya jiko, leo nisimamishwe mbele ya wazazi waliovaa mashali niambiwe mtoto wangu kaleta mende? Mdomo ulishafunguka. Neno la kwanza lilishafika kwenye meno.

Nikaufunga.

"Samahani, mwalimu," nikasema. "Hiyo ni nahau?"

Akashtuka, kisha akacheka. Ndiyo, Wafaransa husema mtu ana mende akiwa na majonzi. Mtoto hakutaka kucheza leo. Alikuwa anamuulizia bibi wa chini, yule aliyekuwa akimleta.

Nikainama, nikamfunga zipu ya koti. Mdomo wake ulikuwa umebinuka.

"Mama, leo umekuja wewe?"

"Nimekuja mimi."

"Na kesho?"

"Na kesho. Twende tukampigie bibi simu, tumwambie una mende."

"Sina mende!" akafoka, mbele ya wazazi wote, hasira ni yangu tupu.